Fundi Rangi Anajibu: Kitambaa Hakichubuki Kikatoa Bati

Barua 7 zimenifikia mwezi huu, na zote ni za ndege za Vita Kuu ya Kwanza, zile za mbao, kitani na waya. Tangu nianze safu hii sijapata mwezi ulionifurahisha hivi. Kwa wageni: nilipiga rangi magari hapa Mombasa kwa miaka 31, na modeli za ndege nimekuwa nikizijenga tangu wanangu wakiwa shule ya msingi. Kwa hiyo nikisema thina au msasa, ni lugha ya gereji hiyo. Na nikitaja kipimo cha 1/72, maana yake modeli ni ndogo mara 72 kuliko ndege yenyewe.

Shikamoo fundi. Nimejenga BE2c, ndege ya Waingereza, kutoka seti ya Airfix, kipimo cha 1/72, nikaipaka kahawia yenye ukijani. Ili ionekane imetoka vitani nikachukua sponji na rangi ya fedha, nikaichubua kwenye kingo za mabawa, mkiani na ubavuni. Kaka yangu anasema inafanana na sufuria iliyoungua. Nimekosea wapi? (Kijana wa Ngamiani, Tanga)

Marahaba mwanangu. Kaka yako ameona sawa, lakini mkono wako hauna kosa. Kwenye picha uliyonitumia naona umechubua vizuri, ila ulichokiiga ni ndege ya Vita Kuu ya Pili. Ile ngozi yake ni aluminiamu, rangi ikibanduka chuma cheupe kinachungulia. BE2c haina ngozi ya namna hiyo. Mifupa yake ni mbao, juu ya mbao kumewambwa kitani, na kitani kimepakwa dopu, yaani vanishi ya selulosi yenye harufu kama ya rangi ya kucha, ambayo ikikauka hukivuta kitambaa kikakaza kama ngozi ya ngoma. Ukikwaruza hapo hupati fedha, unapata kitambaa. Ukizidi kukwaruza unapata tundu.

Nami BE2c yangu ya kwanza niliifanya hivyohivyo. Miaka ya gereji ilinizoesha kuona bati chini ya kila rangi, na zikapita modeli tatu kabla sijaacha. Tangu hapo, kabla sijagusa brashi ya kuchakaza, najiuliza mambo mawili: sehemu hii ilikuwa ya kitu gani, na ndege hii ilikuwa ikilala wapi. Nikikosa jibu la swali la kwanza, brashi inarudi kikombeni.

Tuizunguke basi hiyo BE2c yako. Chuma kipo, lakini kipo puani: mabamba ya kufunika injini. Hapo unaweza kutia alama ndogo za fedha, kwa ncha ya kijiti cha meno wala si kwa sponji, kwenye vifungo ambavyo fundi alivifungua na kuvifunga kila asubuhi. Mabomba mawili ya moshi yanasimama juu kupita bawa la juu, hayo yape kutu ya kahawia. Moshi wake uliacha masizi katikati ya bawa la juu ukirudi nyuma. Saga chaki nyeusi, uipake kwa brashi kavu, kidogo kuliko unavyofikiri inatosha.

Kwenye kitambaa, uchakavu ni wa namna nyingine kabisa. Kuna shina la bawa la chini, mahali pa kukanyaga rubani na mwangalizi wanapopanda. Hapo pana nyayo na matope. Halafu kuna viraka. Mimi napenda viraka kuliko kitu kingine chochote kwenye ndege hizi. Risasi ikitoboa kitani, fundi alikata kipande cha kitani kipya, akakata kingo zake kwa meno ya msumeno ili nyuzi zisifumuke, akakibandika kwa dopu na kupaka dopu tena juu yake. Kiraka cha sentimita 20 kwenye modeli yako hakifiki milimita 3. Kikate kutoka kwenye karatasi ya sigara, kibandike kwa vanishi, kisha kipake rangi ileile uliyopaka ndege ila umeitia tone la nyeusi, maana dopu mpya haijapigwa jua. Viraka viwili au vitatu vinatosha, tena pasipo mpangilio.

Kuirekebisha hiyo uliyoichubua ni rahisi. Msasa wa maji laini kabisa, uliolowa, na mkono mwepesi. Ondoa ile fedha tu, usifike kwenye plastiki. Ioshe kwa maji na tone la sabuni, iache ikauke usiku kucha, upake upya. Pua iache ilivyo.

Fundi, kila mtengenezaji wa rangi anauza P.C.10 ya kwake, ile rangi ya ndege za Waingereza. Mmoja ni kijani kama cha jeshi, mwingine ni kahawia kama chokoleti. Mimi ninajenga ndege ya kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza kilichokuja Afrika Mashariki. Nimwamini nani? (Mama wa watoto wawili, Nakuru)

Dada yangu, kopo moja la kuliamini halipo, na sababu yake ni nzuri. P.C.10 haikuwa rangi moja ya kiwandani kama ya gari, yenye namba inayolingana kila kopo. Ilikuwa dopu au vanishi iliyotiwa unga wa manjano ya udongo, ambayo ni oksaidi ya chuma, pamoja na masizi meusi. Changanya manjano na nyeusi kwenye kisahani uone mwenyewe: unapata kijani cha zeituni. Ongeza udongo unaoelekea wekundu, unapata kahawia. Kundi moja la kopo lilitofautiana na jingine, na jua la miezi mitatu likaisogeza tena kwenye ukahawia. Kwa hiyo wote waliokuuzia wana haki kidogo. Mimi huchukua iliyo katikati, kisha bawa moja nalipaka koti la mwisho lenye ukahawia zaidi kidogo kuliko jingine, kwa sababu mabawa yalibadilishwa na kuletwa kutoka ndege nyingine.

Lakini kabla hujafungua kopo lolote, tazama mwaka. Kikosi cha 26, ambacho marubani wake wa mwanzo wengi walitoka Afrika Kusini, kilifika Mombasa mwishoni mwa Januari 1916, kikaenda Mbuyuni, kwenye njia ya Voi kwenda Taveta. P.C.10 ilianza kuenea mwaka huohuo. Ndege za kabla yake zilikuwa na kitani kilichopakwa dopu tupu isiyo na rangi, na kama ndege yako ni ya miezi hiyo ya mwanzo, kuna uwezekano mkubwa hukuhitaji P.C.10 hata kidogo. Tafuta picha ya ndege yenyewe kwanza.

Kitani chenye dopu tupu kina rangi gani? Nimetafuta neno kwa miaka, na lililo karibu zaidi ni mkeka mpya wa ukindu usiotiwa rangi, siku ya kwanza unapotandikwa. Si mweupe, si wa manjano. Ukiupaka mweupe, ndege inakuwa ya plasta.

Na kitu kimoja ambacho picha za zamani zinakionyesha vizuri: jua likiwa upande wa pili, kitani kinapenyeza mwanga, na mbavu za mbao zinaonekana kama mifupa ya samaki mbele ya taa. Kuiga hilo, paka kwanza bawa lote kahawia iliyokolea. Kata vipande vyembamba vya gundi-karatasi, vibandike kila penye ubavu. Sasa nyunyiza rangi ya mkeka koti tatu nyepesi. Bandua. Chini ya kila kipande kuna mstari mweusi mno, na moyo utakushtuka. Usiogope, nyunyiza koti moja la mwisho juu ya vyote, jembamba sana, na mistari itazama ndani mpaka ubaki unaiona kwa kuitafuta. Ukiiona bila kuitafuta, bado koti moja.

Habari fundi. Nyaya za katikati ya mabawa zinanishinda. Uzi wa kushonea una manyoya, na ukikauka unalegea. Nifanyeje? (Kisumu)

Njema dada. Uzi wa kushonea weka mbali kabisa, manyoya yake hayana dawa. Hesabu kidogo: waya wa milimita 6 kwenye ndege halisi, ukiugawa kwa 72, unapata chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni unene wa unywele. Kwa hiyo unatafuta kitu chembamba kama unywele ila kilichonyooka, na wewe uko Kisumu, mji wa wavuvi. Nenda kwa wauza nyavu, omba mshipi wa nailoni mwembamba kuliko yote walionao.

Kabla ya kuunganisha mabawa, toboa vitundu kwa sindano yenye moto kila mahali waya unapoingia. Bawa la juu toboa nusu tu, la chini toboa mpaka upande wa pili. Gandisha ncha ya juu kwa tone la supaglu lililokaa kwenye ncha ya pini. Siku ya pili pitisha mshipi kwenye tundu la chini, ning'iniza kibanio cha nguo mwishoni ili uzito wake uuvute, tia supaglu, na ukikauka kata kwa wembe usawa na bawa.

Ukiona umelegea, washa kijiti cha udi. Kipulize mpaka moto ubaki kaa tu, ukisogeze karibu na mshipi bila kuugusa, kwa umbali wa kama unene wa kidole, ukitembea nao kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Nailoni ikipata joto hujikunja, na utauona ule mshipi unakaza mbele ya macho yako. Ni sekunde mbili tu. Ukikawia unakatika, ukigusa plastiki inayeyuka. Fanya mazoezi kwanza kwenye mshipi uliofungwa kati ya misumari miwili. Mke wangu alinikuta nafanya hivyo usiku, chumba kizima kinanukia, akaniuliza nani anaolewa.

Anza na nyaya za ndani karibu na kiwiliwili, malizia za nje. Ukianza nje, mkono hautapata njia ya kuingia.

Salamu fundi. Mimi ni mwalimu wa historia, wilaya ya Rufiji. Wanafunzi wangu wanajenga kwa katoni ile ndege aina ya Henri Farman iliyoelekeza mizinga dhidi ya manowari ya Wajerumani, Königsberg. Tumesoma kwamba injini za zamani zilimwaga mafuta ya mbarika, basi tumeipaka mafuta puani pote. Tuko sawa?

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara tatu kwa furaha. Jibu fupi ni kwamba mafuta mmeyapaka upande usio wake.

Henri Farman ina injini mgongoni. Rubani na mwangalizi wanakaa mbele kwenye kijisanduku, injini iko nyuma yao na propela inasukuma badala ya kuvuta. Ndiyo maana ndege hiyo ilifaa kazi ya kuangalia: mbele ya mwangalizi hakuna kitu ila upepo. Kwa hiyo pua ni safi. Mafuta na masizi yaende nyuma ya injini, kwenye propela, kwenye nguzo na nyaya zinazoshika mkia, na mbele ya bawa la mkia. Hapo yapakeni kwa kahawia ya mafuta ya wachoraji iliyolegezwa na tapentaini, matone madogo, kisha muyavute kuelekea nyuma kwa brashi safi.

Habari za mbarika ni za kweli, lakini si kwa kila injini. Ni zile za mzunguko, kama Gnome na Le Rhône, ambazo silinda zake zote huzunguka pamoja na propela. Petroli ilipita ndani ya injini palepale penye mafuta, na mafuta ya mbarika yalichaguliwa kwa sababu hayayeyuki kwenye petroli kwa urahisi. Yakishalainisha, hayarudi, yanatupwa nje. Farman zilikuwa za aina nyingi. Nyingine zilibeba Gnome, nyingine kama F.27 zilibeba Canton-Unné, ambayo silinda zake zimetulia na hupozwa kwa maji. Wanafunzi waangalie kwenye picha kama kuna rejeta.

Na rejeta inanikumbusha kisa ambacho fundi yeyote wa gari wa Mombasa anapaswa kukijua. Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye vijito vya delta yenu, ndani ya mikoko. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Wakamkodi rubani wa kiraia, Dennis Cutler, aliyekuwa Durban na ndege-mashua aina ya Curtiss. Akaanzia kisiwa cha Niororo, na rejeta ya ndege yake ilipomtesa, ikatafutwa rejeta ya gari la Ford hapa Mombasa ikafungwa mahali pake. Ndege ya vita katika anga hii iliruka na spea ya gari kutoka mji wangu! Mkiijenga hiyo Curtiss siku moja, rejeta yake msiipake rangi ya ndege, ipakeni kama ya gari.

Mwanzoni mwa 1915 zikaja Sopwith za kuelea majini. Joto na unyevu viliachisha gundi yake, na zikashindwa kupanda juu vya kutosha. Kwa sisi tunaochakaza hilo ni jambo kubwa kuliko risasi: adui mkubwa wa ndege hizo alikuwa hali ya hewa tunayoishi ndani yake. Baadaye zikaja Short, na Juni 1915 zikafika Farman na Caudron za magurudumu, zikarukia kiwanja kilichosafishwa kisiwani Mafia. Kwa hiyo magurudumu ya modeli yenu yasiwe na tope jeusi la delta. Yawe na mchanga wa Mafia, mweupe wenye kijivu.

Tarehe 6 Julai mashambulizi ya kwanza yalishindwa. Tarehe 11 Julai manowari za Waingereza Severn na Mersey ziliingia tena mtoni, na angani juu yake, ndani ya Farman, walikuwa Cull, rubani, na Arnold, mwangalizi, akituma kwa redio kila risasi ilikoangukia. Ndege yao ikapigwa. Arnold akatuma kwamba wamepigwa, wapelekewe mashua, na huku wanashuka akaendelea kutuma masahihisho ya mizinga. Ndege ikatua mtoni karibu na Mersey ikapinduka. Cull alivutwa chini ya maji kwa kuwa mkanda ulikuwa bado umemfunga, akajinasua. Wote wawili waliokolewa, na Königsberg ikaisha siku hiyo.

Basi mwalimu, mkitaka kuionyesha ndege hiyo saa yake ya mwisho, msiipake uchafu mwingi. Ilikuwa na wiki tatu na ushei tu tangu kufika. Kitani cha rangi ya mkeka, matundu machache bila viraka, kwa sababu hapakuwa na wa kuviweka, na mafuta nyuma ya injini. Mzinga mmoja wa Königsberg uko Fort Jesus hapa kwetu. Mkiwaleta watoto, niandikieni, nitakuja na modeli zangu.

Fundi, nakutumia bahasha ya udongo wa Mbuyuni. Mimi ni mwenyeji wa Taveta. Nikiumwagia modeli yangu, si ndiyo vumbi la kweli? (Msomaji wako wa siku nyingi)

Ndugu yangu, bahasha imefika, nimeifungua juu ya gazeti na kuikalia mezani nusu saa. Wekundu wake ni kama tofali lililoiva. Asante sana.

Ila usiumwagie. Udongo ni wa kweli, punje zake hazijui kwamba ndege ni ndogo. Punje ya nusu milimita kwenye modeli ya 1/72 ni jiwe la zaidi ya sentimita 3 na nusu. Ndege yako itaonekana imepigwa na kokoto. Kuusaga kwenye kinu nimejaribu, hata nikauchuja kwa soksi ya nailoni, na bado unakwaruza kidole.

Kilichofaa ni maji. Tia vijiko viwili vya udongo kwenye gilasi ya maji, koroga, hesabu mpaka 60 taratibu. Mchanga unazama, ule laini kabisa unabaki unaelea na maji yanakuwa kama chai ya rangi. Mimina hayo maji kwenye sahani pana, acha yaliyozama. Rudia na hayo uliyomimina. Sahani iweke juani siku mbili. Kitakachobaki ni ngozi nyembamba nyekundu, inayopasuka kama tope la bwawa lililokauka, na ukiiponda kwa kijiko inakuwa unga ambao ukiugusa huuhisi. Huo ndio vumbi lako. Uongeze chaki nyeupe kidogo, maana kitu kidogo kikipakwa rangi kamili huonekana kimekolea kupita kiasi.

Sasa lifuate vumbi lilivyopanda lenyewe. Propela ya BE2c, yenye mapanga manne, hulivuta na kulirusha nyuma. Linashika magurudumu, tumbo la kiwiliwili, chini ya bawa la chini nyuma ya magurudumu, na zaidi ya yote mkia, kwa sababu mkia unakokotwa ardhini juu ya kijiti cha mbao. Juu ya bawa la juu liwe hafifu mno. Uchanganye na vanishi isiyong'aa na thina nyingi, upake mara tatu nne nyembamba, ukisubiri kila koti likauke. Kijiti cha mkiani ukikwaruze kwa wembe mpaka mbao mpya ionekane. Kiliburuzwa kila siku, hakikupata nafasi ya kuchafuka.

Bado nina robo tatu ya bahasha. Unga wake nimeutia kwenye kichupa nikaandika Mbuyuni.

Rangi yangu inaota ukungu mweupe nikipuliza wakati wa masika. Nibadilishe kampuni? (Likoni)

La, usipoteze pesa. Huo ni unyevu, na gereji zote za pwani zinaujua. Thina ikiruka haraka inapoza uso wa modeli, mvuke wa hewani unashika pale na kunaswa ndani ya rangi. Tumia thina inayokauka polepole, puliza mchana jua likiwa limetoka, na kopo likae kwanza dakika 10 kwenye bakuli la maji vuguvugu. Palipokwisha ota ukungu, puliza thina tupu, iwe umande tu, na utaona weupe unayeyuka na rangi inarudi. Jumlisha na hili: rangi za mafuta za wachoraji mwezi Mei zisubiri siku tatu, wala si moja kama inavyoandikwa kwenye kichupa.

Shikamoo babu. Nina miaka 13, niko Kigoma. Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye meli ya Liemba, na alituambia ndege zilikuja kuipiga mabomu zamani. Ninataka kuijenga hiyo ndege lakini hatuna pesa ya kununua seti.

Marahaba mjukuu wangu. Babu yako alikuambia kweli. Liemba wakati huo iliitwa Graf von Götzen na ilikuwa ya Wajerumani. Ndege zilizokuja kuipiga zilikuwa Short 827 za kuelea majini. Waingereza waliwapa Wabelgiji nne, zikasafirishwa kupitia Kongo, kwa mto na kwa reli, mpaka upande wa pili wa ziwa lenu. Kwa kuwa ziwa lina mawimbi, zilikuwa zikirukia kwenye kidimbwi cha Tongwe chenye maji matulivu. Juni 1916 zilikuja Kigoma. Mwezi wa Julai Wajerumani wakaizamisha meli wenyewe wasiiache, ikaibuliwa 1924, na kuanzia 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba.

Seti ya duka huihitaji. Mabawa ya ndege hiyo kutoka ncha hadi ncha ni mita 16 na sentimita 40, kwa hiyo kwa kipimo cha 1/72 kata sentimita 22 na milimita 8. Chukua faili la karatasi ngumu. Mbavu za bawa zifanye kwa chelewa za ufagio: panga chelewa juu ya karatasi ya chini kila baada ya sentimita moja, bandika kwa gundi ya mbao, kisha laza karatasi ya juu na uipinde kidogo kwa kidole kabla haijakauka. Karatasi itazama kati ya chelewa na chelewa, kama kitani kinavyozama kati ya mbavu. Hilo hata seti za bei kubwa hazilipati vizuri hivyo.

Ndege hiyo ina maboya mawili makubwa chini, kimoja kidogo mkiani, na viwili vidogo kwenye ncha za mabawa. Yakate kutoka kwenye kandambili iliyochakaa, kwa wembe mpya, ukimwambia mtu mkubwa akae karibu. Yapake gundi ya mbao mara tatu ili vitundu vya mpira vizibe, kisha ndiyo upake rangi ya mbao iliyotiwa vanishi. Maji ya Tanganyika hayana chumvi, kwa hiyo usiweke ule mstari mweupe wa chumvi utakaouona kwenye modeli za ndege za baharini. Chakaza chini ya maboya tu, palipoburuzwa kwenye changarawe ndege ikivutwa pwani. Nenda pale mwaloni, tazama matumbo ya mitumbwi iliyogeuzwa, uige mikwaruzo yake ilivyo.

Mabawa yakishakauka, nyaya zake fanya kama nilivyomjibu shangazi yako wa Kisumu hapo juu. Ila udi mwambie mama akushikie.